Pointi Nne za Msingi

Utrecht, 11 Septemba 2022

Kwako Mjomba Douwe,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kondoo wa jirani wameacha kuingia kwenye kabichi zako. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila analalamika kwamba huu ni mwaka wa pili humpelekei yeye, dada yako, kadi ya siku ya kuzaliwa. Mkazamjomba Aukje anaendeleaje? Barua yako iliyopita ilikuwa kurasa tatu, na jina lake halimo hata mara moja.

Sasa nijibu swali lako kabla hujanitukana tena. Umesoma kwenye jarida la Mfuko wetu wa Pensheni wa Watunza Maji kwamba riba imeshuka kwa "pointi kumi na mbili za msingi", ukaniuliza kama mabwana wa huku wanacheza karata. Hawachezi, Mjomba. Pointi ya msingi ni kipimo. Chukua asilimia moja, ikate vipande mia vilivyo sawa, okota kimoja. Hicho ndicho pointi. Ni sehemu moja ya elfu kumi.

Utauliza kwa nini tusiseme asilimia tu, kama watu wengine. Asilimia ina ndimi mbili. Riba ikiwa asilimia mbili, nikakwambia imepanda kwa asilimia moja, utaelewa nini? Mmoja atasema imefika tatu. Mwingine atachukua asilimia moja ya hizo mbili, aseme imefika mbili nukta sifuri mbili. Wote wako sahihi, na kati yao kuna fedha za kujenga mji. Lakini nikisema imepanda pointi mia, imefika tatu. Nikisema pointi mbili, imefika mbili nukta sifuri mbili. Ubishi umekwisha.

Nikueleze kilichonishangaza wiki yangu ya kwanza kazini, na hadi leo hakijanitoka. Ukitaka uwe na euro mia baada ya miaka ishirini, na riba ni asilimia mbili na nusu, leo unaweka akiba euro sitini na moja na senti tatu. Riba ikishuka pointi moja tu, lazima uongeze senti kumi na mbili. Senti kumi na mbili hazinunui hata kitufe cha shati! Lakini sisi tumewaahidi watu elfu thelathini na moja, na baadhi yao ni vijana watakaozeeka baada yangu. Ukizikusanya ahadi zote pamoja, pointi moja ni euro milioni kumi na tano. Nilipoliona jibu hilo kwenye kompyuta nilidhani nimekosea. Nikarudia mara tatu. Kisha niliondoa mikono mezani, nikaogopa kugusa chochote.

Mwambie mkazamjomba aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja.

Mpwa wako,
Hiske


Aldesyl, 20 Septemba 2022

Hiske mwanangu,

Barua imefika. Kondoo wameshinda, kabichi zimeshindwa. Mwambie mama yako kadi niliinunua, iko kwenye droo, ila stempu imepanda bei. Kwa pointi ngapi, utamhesabia wewe.

Nimejipigia hesabu. Mfuko wenu unanilipa euro elfu moja mia moja na arobaini kwa mwezi, kwa hiyo pointi yangu moja ni senti kumi na moja. Nikaenda duka la mikate nikasema, "Nipe mkate wa sukari wa pointi moja." Nilipomweleza mwenye duka ni kiasi gani, akanijibu, "Douwe, kwa senti kumi na moja nakuruhusu uunuse." Duka zima likacheka, na mimi ambaye sisikii vizuri nililisikia hilo.

Lakini hiyo milioni kumi na tano yako nimeielewa upesi kuliko unavyodhani. Miaka thelathini na minne nimesoma kipimo cha maji. Maziwa yetu yote yameungana kwa mifereji, na kazi yetu pale kituo cha pampu ilikuwa kuyashikilia sentimita hamsini na mbili chini ya alama ambayo nchi nzima hupimia maji, kiangazi na masika. Sentimita moja ni upana wa ukucha wangu wa kidole kidogo. Siku moja mhandisi alitupigia hesabu ubaoni: sentimita moja ikitandazwa juu ya maziwa yote ni mita za ujazo milioni moja na nusu. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje, nikayatazama maji yametulia, bata wanaelea, nikavua kofia. Tangu siku hiyo nilikuwa navua kofia ninaposoma kipimo. Wakanibandika jina la Mchungaji.

Mkazamjomba wako yuko salama, anakusalimu. Wino unakwisha.

Mjomba wako,
Douwe


Utrecht, 29 Oktoba 2022

Kwako Mjomba Douwe,

Salamu nyingi, na leo nazo zina uzito, kwa hiyo kaa kitini. Mama amepata kadi yako. Ameiweka juu ya runinga, anawaonyesha wageni tarehe ya stempu.

Habari yenyewe ni hii. Unajua sheria yetu: kwa kila euro mia tulizowaahidi ninyi, lazima tuwe na mia na tano ghalani, ndipo bodi iruhusiwe kuongeza pensheni. Miaka kumi na minne hatujafika. Kila mwaka nilikuwa naandika mia na moja, tisini na sita, mia na tatu. Mwaka huu riba imepanda, ukiacha zile pointi kumi na mbili ilizoshuka, na hesabu ya Septemba nimeifanya mwenyewe. Mjomba, ni mia na tano nukta mbili!

Nilimpelekea mkuu wangu, Marloes, karatasi mkononi, maana nilitaka nimwone uso. Akasoma, akakaa, akasema, "Miaka kumi na minne, na tumevuka kwa unene wa karatasi." Bodi imepitisha jana. Kuanzia Januari kila mzee anaongezewa asilimia mbili nukta moja. Kwako ni euro ishirini na nne kwa mwezi.

Jioni niliendesha baiskeli kwenda nyumbani, nikawaza: pointi mbili tu riba ingekuwa chini, tusingevuka. Vipande viwili kati ya elfu kumi. Nilikuwa nimezoea kuziona pointi kama mchanga. Siku hiyo niliziona kama bawaba za mlango, ndogo, na mlango mzima unaning'inia juu yake.

Mkazamjomba mbona haandiki?

Hiske


Aldesyl, 6 Novemba 2022

Hiske mwanangu,

Mungu akubariki. Nimeisoma barua yako kwa sauti jikoni, ingawa hapakuwa na wa kunisikiliza.

Hapo ndipo nilipokuwa nakupiga chenga, na sasa niseme. Aukje hayuko nyumbani. Tangu Agosti yuko kwenye makao ya wazee kule Sneek. Alikuwa anatoka nje na kuwasha jiko bila sufuria, mara mbili jirani alimkuta kandokando ya mfereji. Sikukuandikia kwa sababu mama yako angefika hapa na mifuko yake mitatu aanze kunipangia makabati. Na kwa sababu nilikuwa naona aibu, sijui ya nini.

Basi halipiti tena kijijini kwetu. Natumia teksi ya wazee, euro kumi na mbili kwenda na kurudi, kwa hiyo naenda mara sita kwa mwezi. Nyongeza yako ni safari mbili zaidi. Nimemwambia jana. Kuna siku ananiita mleta barua, lakini jana alikuwa mwenyewe.

"Aukje," nikamwambia, "Januari nitakuja mara nane. Hiske ametupatia nyongeza."

"Hiske gani?"

"Wa dada yangu."

"Yule anayehesabu mbegu za tufaha kabla ya kulila?"

"Huyo huyo."

"Basi itakuwa kweli," akasema, akanishika mkono mpaka chai ikapoa.

Nimeona nikwambie, ujue kazi ya hizo pointi zako inakofika.

Mjomba wako,
Douwe


Utrecht, 22 Novemba 2022

Kwako Mjomba,

Nimepata barua yako. Pole sana, sikujua. Mama nitamwambia, au nisimwambie, utakavyo wewe. Hapa kumepoa. Kazi ni nyingi.

Mjomba, nyongeza bado haijaingia. Usimwahidi mkazamjomba zaidi ya ulivyokwisha kumwahidi.

Hiske


Aldesyl, 1 Desemba 2022

Hiske mwanangu,

Hapa mfereji umeanza kuganda pembeni na bata wamehamia katikati. Mgongo unauma, nashukuru ni mgongo tu. Mama yako mwambie, keshajua nusu.

Barua yako ni fupi kama risiti. Wewe ni mtu wa kunieleza vipande vya asilimia kurasa mbili, leo unaniandikia kwamba kumepoa. Sijui una nini. Sikuulizi. Nitakueleza langu, na hili hata Aukje hajawahi kulisikia.

Novemba ya mwaka 1983 nilikuwa zamu ya mchana na Gosse Ferwerda. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, mvua ya kukata uso. Saa sita mchana mmoja wetu alipaswa kushuka ngazi hadi kwenye kipimo, asome, arudi. Ilikuwa zamu yangu. Mimi huyo niliyekwambia kwamba nilikuwa navua kofia, siku hiyo nilisoma kupitia dirishani na kikombe cha kahawa mkononi. "Arobaini na tisa," nikasema. Gosse akaandika, akatia saini, maana aliniamini. Saa tisa nilishuka kwa shughuli nyingine nikakuta alama ya maji ukutani. Mchana ule yalikuwa arobaini na sita chini ya alama. Sentimita tatu juu kuliko nilivyosema, na sikumwambia mtu.

Kwa namba yangu pampu zilichelewa kuwashwa nusu siku. Tuta moja lilianza kuvuja, maji yakaingia kwenye zizi la Wiersma, ng'ombe wadogo kumi na mmoja wakafa wamefungwa kwenye mabomba. Watu wa uchunguzi walipokuja waliangalia daftari, wakaona saini ya Gosse. Wakamuuliza, "Ulisoma wewe?" Akanitazama. Alikuwa ananingojea mimi. Na mimi nikafunga kamba ya kiatu.

Aliondolewa kituoni. Akaendesha gari la maziwa mpaka alipostaafu. Alikufa mwaka 2009, na kila Ijumaa sokoni mkewe Renske hunisalimu kwa adabu. Miaka thelathini na tisa, Hiske. Lile zizi nimeanza kulisahau. Ile kamba ya kiatu siisahau.

Ndiyo hayo. Kula vizuri.

Mjomba wako,
Douwe


Utrecht, 14 Desemba 2022

Kwako Mjomba Douwe,

Nimeanza barua hii mara nne. Natumaini mgongo umepoa. Mama amelia kidogo, kisha ameanza kufunga mifuko mitatu, kama ulivyosema.

Nyongeza haipo, Mjomba. Nimekosea mimi.

Kabla ya kupiga hesabu ya Septemba nilipaswa kupunguza pointi nne kwenye riba, kama kanuni inavyotaka. Nne tu. Na mimi ninayewafundisha watu wasiandike kwa asilimia, siku ile kwa haraka niliandika kwa asilimia. Pointi nne ni sifuri nukta sifuri nne. Niliandika sifuri nukta sifuri sifuri nne. Sifuri moja ya ziada. Riba ikabaki juu kwa pointi tatu nukta sita, na ahadi zetu zikaonekana ndogo kwa euro milioni hamsini na nne. Ile mia na tano nukta mbili ni mia na nne na nusu. Hatukuvuka.

Niliigundua tarehe kumi na saba Novemba, nilipokuwa naandaa karatasi za mwisho wa mwaka. Siku tano baadaye nikakuandikia ile risiti. Nilijiambia wazee wamengoja miaka kumi na minne, na tofauti ni nusu tu. Nilijiambia hakuna atakayeiona. Ni kweli, Mjomba, hakuna ambaye angeiona. Hilo ndilo lililokuwa linanitetemesha: kwamba kitu kidogo vile, kisichoonekana, kinaweza kulala ndani ya karatasi na juu yake watu elfu thelathini na moja wakajenga mwaka wao, nawe ukiwemo.

Barua yako ilifika Jumamosi. Jumatatu wenzangu walikuwa wanagawana zile herufi za chokoleti za sikukuu ya Sinterklaas. Nikaenda mezani kwa Marloes.

"Ile mia na tano nukta mbili si kweli," nikamwambia.

"Si kweli vipi?"

"Ni mia na nne na nusu. Nimeongeza sifuri."

Aliweka chokoleti chini. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na saba, mwezi uliopita."

"Hiske! Barua za wazee zinachapwa kesho." Akafumba macho kidogo. Kisha akasema, "Vuta kiti. Mimi nahesabu, wewe unanisomea. Usiguse kitu."

Tulirudia mstari kwa mstari. Watu waliacha kula wakatuzunguka. Alipoisahihisha ile sifuri, kurasa kumi na nane za namba zilibadilika zote kwa pamoja, mbele ya macho yetu, hakuna hata moja iliyobaki ilivyokuwa. Mmoja akasema polepole, "Ni pointi tatu na ushee tu hizo?"

Bodi imekutana jana na kufuta nyongeza. Utapata barua rasmi. Sijui kama nitabaki na kazi. Nimemnyang'anya mkazamjomba safari mbili, na ni wewe uliyenipa nguvu ya kufanya hivyo bila kujua. Usipotaka kunijibu nitaelewa.

Hiske


Aldesyl, 5 Februari 2023

Hiske mwanangu,

Najua umengoja. Mama yako, ambaye amepanga makabati yangu yote na sasa sioni chumvi, ameniambia unamuuliza kila Jumapili kama nimeandika. Ameniambia pia hukufukuzwa, umewekwa kukagua hesabu za wenzako. Nimefurahi.

Barua yako na ya Mfuko zilifika siku moja. Sitakudanganya, nilikasirika. Siku mbili sikumsalimu mleta barua. Sikukasirika kwa sababu ulisema. Nilikasirika kwa sababu ulikawia wiki mbili na nusu na ukajiona mwovu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi na miaka yangu thelathini na tisa.

Nilikwenda kwanza kwa Aukje. "Ile mara nane haipo," nikamwambia. "Itabaki sita."

"Sita?" akasema. "Mbona nyingi hivyo, huna kazi?"

Ndipo nikaenda kwa Renske. Alikuwa anamenya viazi. Nilisimama, sikukaa, nikamwambia yote: dirisha, kahawa, arobaini na tisa, kamba ya kiatu. Hakuacha kumenya mpaka nilipomaliza. Akasema, "Toka, Douwe." Nikatoka.

Wiki tatu sokoni alipita upande wa pili. Nilidhani ndiyo basi. Jumatatu iliyopita akagonga mlango wangu, kavaa koti la kanisani, kashika kile kigari chake cha kutembelea.

"Lile daftari bado lipo?" akauliza.

"Lipo kwenye ghala la kumbukumbu, mjini."

"Vaa viatu."

Teksi alilipa yeye, alinikataza katakata nisitoe hata senti. Kule binti mmoja mwenye glovu za kitambaa alituletea daftari la mwaka 1983, akalifungua juu ya mto laini mezani. Nilivua kofia. Ilikuwepo: arobaini na tisa, kwa mwandiko wa Gosse, mzuri kuliko wangu, na saini chini yake. Tarakimu mbili. Wino wake usingejaza tone la machozi. Nilifikiri juu ya lile zizi, na gari la maziwa, na watoto wake waliokua wakiambiwa baba yao hakujua kusoma kipimo. Yote hayo yalitoka hapo, mahali ambapo kidole changu kingepafunika.

Nikaomba kalamu niisahihishe. Binti akasema, "Haturuhusu kuandika juu ya kumbukumbu, bwana. Lakini andika maelezo yako kwenye karatasi hii, nitayaambatisha hapa hapa, na kila atakayefungua ukurasa huu atayaona."

Nikakaa. Nikaandika 46.

"Andika kwa maneno pia," Renske akasema nyuma yangu. "Wewe na namba hamwaminiki."

Nikaandika kwa maneno: arobaini na sita. Nikaandika kwamba aliyesoma ni Douwe Hoekema, kupitia dirishani, na kwamba Gosse Ferwerda alitia saini kwa sababu alimwamini mwenzake. Nikatia saini yangu na tarehe.

Renske alivaa miwani akaisoma, mara mbili. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Aliinua mkono, akatenganisha kidole gumba na cha shahada hewani, sentimita tatu, akautazama ule uwazi uliokuwa kati ya vidole hivyo muda mrefu, na yule binti naye akautazama.

Mjomba wako,
Douwe